Komba Aliyemtazama Mlezi Mkuu

Ipo nchi moja ambayo sheria yake inamtaka kila anayesikia jina lake asimame wima, mikono ubavuni, mpaka mtu mwenye cheo amruhusu kukaa. Kwa kuwa huenda msomaji ameketi vizuri, na hana mwenye cheo wa karibu, jina hilo tutaliacha lilipo. Itoshe kusema ni nchi yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba imebidi iwekewe askari kila kona isije ikatoroka.

Katika nchi hiyo hakuna ofisa anayemtazama mwananchi. Si dharau, la hasha. Ni utaratibu. Ofisa wa dirishani hufundishwa miezi tisa chuoni jinsi ya kusema na mtu huku akiangalia muhuri. Somo la kwanza ni kuangalia muhuri, la pili ni kuangalia saa, na la tatu, ambalo wengi hulifeli mara mbili mbili, ni kumwangalia mtu aliyesimama mbele yako na kumwona aliye nyuma yake. Siku ya mahafali wazazi huja na mashada ya maua, na wahitimu bora huwapokea bila kuwaona.

Basi watu wakawa wanazaliwa, wanapanga foleni na kuzeeka bila kutazamwa na yeyote mwenye mamlaka. Mke alimtazama mumewe, ndiyo, lakini mke si serikali. Ukaingia nchini ugonjwa ambao madaktari hawakuupatia jina: mtu mzima, mwenye watoto na baiskeli, anasimama mbele ya kioo na kujiuliza kama yupo.

Dawa aliileta Bwana Shaweji. Huyu alikuwa msimamizi wa mabweni ya serikali, akafukuzwa kwa ukatili uliozidi kiwango, kisha akarudishwa kiwango kilipopandishwa. Alifungua mkahawa katikati ya mji mkuu, akaandika juu ya mlango: NJOO UTAZAMWE. Mteja aliagiza kahawa, akakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu, kengele ikalia, na kwa dakika tatu kamili akatazamwa na komba.

Komba ni mnyama mdogo. Mwili wake mzima unaenea katika bakuli la uji. Lakini macho Mungu alimpimia kwa kipimo cha ng'ombe, tena mkono ukapita. Akikukodolea macho hayo, unajiona kama habari mpya. Watu walitoka pale wamenyooka migongo. Mmoja, karani wa maji, alikwenda moja kwa moja nyumbani akawaambia majirani kwamba ametazamwa, na majirani wakampisha njia.

Haukuwa mkahawa wa kwanza wa wanyama, tusimpe Shaweji sifa za wengine. Mtaa wa pili kulikuwa na Mkahawa wa Kicheko, ambako fisi alikaa chini ya meza na kubanwa sikio kwa koleo kila mteja alipomaliza kusema mzaha, ili acheke. Karibu na bunge kulikuwa na mamba aliyeng'olewa meno yote apate kupigwa picha na watoto. Alilishwa uji wa ulezi, na picha zilipendeza. Hoteli kubwa ilikuwa na twiga. Wateja wa ghorofani waliona kichwa, wa chini waliona miguu, na kwa kuwa ngazi ilikuwa ya wageni wa heshima tu, wa chini waliishi miaka mingi wakiamini ni nguzo zenye manyoya, wakazitundikia makoti.

Shaweji alikuwa na tatizo moja dogo. Komba hulala mchana.

*

Mkahawa haukuweza kufunguliwa wakati mwingine, maana wateja wake wakubwa walikuwa watumishi wa umma, na watumishi wa umma hunywa chai saa za kazi tu. Kazi ikiisha huwa wamechoka. Shaweji alifikiri kwa uangalifu. Tangu utotoni amesikia watu wakisema fulani amelewa kama komba, kwa jinsi mnyama huyu anavyojinywea tembo kwenye vibuyu vya wagema mpaka anaanguka chini ya mnazi. Akaona kwamba mnyama asiyekataa tembo hatakuwa na sababu ya msingi ya kukataa kahawa. Akamnywesha kijiko kimoja, chungu, bila sukari. Komba akafumbua macho, na macho hayakufumba tena mpaka kesho yake.

Ndipo akaomba mtaalamu, naye akapewa Bi Kidawa.

Kidawa alikuwa bibi mifugo. Miaka kumi na minane alichanja mbuzi wilayani, akawafahamu kwa kukohoa, mpaka mbuzi wote walipohamishiwa kwenye takwimu na yeye akabaki hana wa kumchanja. Barua ya uhamisho ilimteua kuwa Mtunzaji wa Kope Daraja la Tatu. Kazi yake iliandikwa kwa mstari mmoja: kuhakikisha kwamba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukope wa juu wa mnyama na ukope wa chini hazikutani.

Siku ya kwanza alimwangalia komba kama anavyomwangalia mbuzi: ulimi, ufizi, joto la masikio. Siku ya kumi aliona mkia umeanza kunyonyoka. Siku ya thelathini aliona vidole vya mnyama vimeliwa ncha, na mlaji ni mwenyewe. Akiweka kidole chake kwenye mbavu zile, alisikia moyo unaenda kama cherehani ya fundi aliyeahidi nguo ya harusi kesho. Kidawa alikwishaona mbuzi wakifa kwa homa, kwa kupe, kwa mvua na kwa maulidi. Hakuwahi kuona mnyama anayekufa kwa kutazama.

Alimwendea Shaweji, akamweleza kwa adabu kwamba komba asipolala atakufa. Shaweji alimsikiliza mpaka mwisho, maana yeye si mtu wa kukata maneno ya watu, kisha akamuuliza kama amewahi kumwona mteja akilalamika.

Hawakulalamika. Mteja mwaminifu kuliko wote alikuwa Mzee Machano, mwalimu mstaafu mwenye kanzu safi na bakora. Miaka kumi na moja iliyopita karani alimwandika kimakosa kuwa amekufa, na tangu hapo alikuwa akifuatilia cheti cha kuwa hai. Kila dirisha lilimtaka alete kwanza marehemu. Alikuwa mzee mpole, aliyewapa paka wa mtaani mabaki ya samaki, na kila komba alipoanza kusinzia mbele yake alimgonga utosini kwa ncha ya bakora, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Mwamshe, mwanangu," alimwambia Kidawa. "Mimi wa kunifumbia macho nimeshawapata wengi."

Kidawa akamwamsha. Baadaye jioni, akiosha kijiko, aligundua kwamba hamchukii yule mzee, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: komba alale siku moja. Hakutaka arudishwe msituni, maana msitu wenyewe ulikuwa umekatwa kutengenezea viti vya mkahawa. Siku moja, ndani ya kikapu, kitambaa juu.

*

Nchi ile si ya kishenzi. Ilikuwa na Kamati ya Maadili ya Wanyama wa Mikahawani, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa Msabaha, mtaalamu wa huruma aliyeisomea ng'ambo miaka saba na kurudi bila kuileta. Kamati ilikutana mkahawani hapohapo, kila mwezi, kwa sababu wajumbe walitaka kuwa karibu na tatizo, na pia na sambusa.

Kidawa aliandika ombi lake ukurasa mmoja. Likarudishwa. Kanuni ya nne ilisema malalamiko yaletwe na mlalamikaji mwenyewe, asije mtu akajifanya msemaji wa wengine na kuvunja haki zao. Hivyo komba aliitwa kwa barua, akaletwa, akawekwa katikati ya meza baina ya sahani ya sambusa na bakuli la pilipili ya embe.

Profesa alimsalimu kwa Kiswahili fasaha, akamuuliza kama anaona uchovu wowote katika utekelezaji wa majukumu yake. Vidole vya komba vilitetemeka kwa kahawa ya asubuhi. Katibu akaandika kwamba mlalamikaji aliwapungia wajumbe mkono. Akapewa fomu ya kurasa tatu. Komba akaitafuna pembe moja, na katibu akaandika kwamba amelipitia suala kwa kina, hasa ukurasa wa kwanza.

Kisha Profesa akasimama. Mtu huyu hakuweza kufikiri ameketi.

"Ndugu wajumbe, tujiulize kwanza, usingizi ni nini? Usingizi ni kutokuwepo. Aliyelala hayupo. Sasa nauliza, na ninauliza kwa uchungu: je, sisi kama watu wenye utu tunaweza kumruhusu kiumbe huyu asiwepo? Huko msituni alikuwa akitazama nini? Giza. Sisi tumempa taa. Alikuwa akitazamana na nani? Bundi. Sisi tumempa wakurugenzi. Anayedai komba alale ajitokeze atuambie ana chuki gani na komba."

Kidawa alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Alisema kwamba yeye hana chuki, ila moyo wa mnyama yule hauzidi kokwa la zambarau, na kila kijiko cha kahawa kwake ni sawa na birika zima kwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Profesa alimshukuru kwa mchango wake mzuri, akasema ni wa kitaalamu mno, na maadili si suala la utaalamu.

Yalipitishwa maazimio matatu. Kwanza, ni marufuku kumwita mnyama komba. Ataitwa Mheshimiwa Mtazamaji. Pili, kijiko kipashwe moto kabla, asije akashtuliwa na ubaridi wa bati. Tatu, kabla ya kila kijiko mtunzaji atamke neno samahani, kwa sauti inayosikika. Suala la usingizi likawekwa kwenye mengineyo. Kabla ya mengineyo, pilau ikaletwa.

Tangu siku hiyo Kidawa alipasha kijiko moto, akasema, samahani Mheshimiwa Mtazamaji, akamnywesha. Wageni kutoka mataifa jirani walikuja kujifunza. Walishangaa jinsi nchi ile inavyoheshimu wanyama, wakaondoka na nakala.

*

Mwezi wa nne ikaja habari kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa ataadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa kutazamwa.

Hapa inabidi tueleze jambo. Sheria ilikataza mtu yeyote kumtazama Mlezi Mkuu usoni. Alipopita, watu wote, mawaziri kwa wachuuzi, walitazama viatu vyake. Walinzi walitazama watu. Mpiga picha wake alipiga picha amefumba macho, na ndiyo maana katika picha zote za ofisini Mlezi Mkuu anaonekana nusu, mara bega, mara sikio na bendera. Miaka ishirini na sita alikuwa ametawala nchi ya visogo na vipaji vya nyuso. Inasemekana siku moja aliamuru mbwa wake aletwe mezani, na mbwa, aliyelelewa Ikulu, akatazama viatu.

Kwa hiyo Ikulu ilituma ofisa wa usalama kufanya majaribio siku mbili kabla. Angekaa kwenye kiti badala ya Mlezi Mkuu, atazamwe dakika tatu, aandike ripoti.

Kidawa aliona nafasi yake imefika. Alfajiri ya siku ile ya majaribio alikoroga ukwaju mtupu kwenye birika la kahawa. Rangi ni ileile. Alipasha kijiko, akaomba samahani, akanywesha, mbele ya macho ya Shaweji mwenyewe. Alikuwa ameambiwa ofisa atakuja mchana. Akapiga hesabu kwamba mnyama atapata saa nne au tano, kisha ataamshwa.

Saa tatu komba alilala. Alizungusha mkia wake wenye upara shingoni, akakunja masikio kama mtu anayekunja barua, akashuka pumzi. Kidawa alimfunika kwa kitambaa cha kufutia vikombe, akakaa kando ya kikapu. Alihesabu pumzi. Zilikuwa pumzi za kweli, zenye mwanzo na mwisho. Ilikuwa robo saa nzuri, na ingekuwa nzuri zaidi kama ofisa wa usalama hangekuwa mtu wa kuwahi.

Ofisa aliketi kwenye mto mwekundu. Kitambaa kikaondolewa. Alitazama zile kope zilizofumba dakika tatu kamili kwa saa yake, akaandika: Jaribio la kumfumbia macho Kiongozi. Akaondoka.

Shaweji hakumfokea Kidawa. Alimvutia kiti, akamtaka akae. Alimkumbusha kwamba iko Shule ya Marekebisho ya Kope, kule bondeni, ambako wanafunzi hushikizwa kope kwa vibanio vya nguo na kupewa jua waliangalie mpaka kengele ya chakula. Jirani yake Kidawa alihitimu huko. Sasa analala macho wazi, na nzi wamemzoea. Ofisa, alisema Shaweji, ni mtu muungwana. Amekubali ripoti isiende mpaka keshokutwa, aone kwanza mnyama atafanya nini. Yeye Shaweji amependekeza vijiko saba.

Kidawa alisema vijiko saba vitamuua.

"Akifa ameangalia, hiyo ni ajali kazini," alisema Shaweji. "Akiishi amefumba, huo ni uhaini, wake na wa mtunzaji wake. Chagua, dada'angu. Mimi sijawahi kumlazimisha mtu."

Kidawa aliomba maji ya kunywa. Akanywa yote. Akafikiria jua la bondeni, akamfikiria jirani yake na nzi wake, na akajaribu kumfikiria komba vilevile, kwa kipimo kilekile. Hakuweza. Jua lilikuwa kubwa mno.

Akachagua. Msomaji anayeona angechagua vingine anaombwa asimame, mikono ubavuni, atajiwe jina la nchi ile, ahamie huko.

*

Siku ya sikukuu mkahawa ulifukizwa udi. Mji mzima ulifagiliwa, na wasiofagilika wakahamishwa. Kidawa alianza kazi saa mbili.

Kijiko cha kwanza, samahani. Cha pili, samahani. Komba alikipokea kila kijiko kwa mikono miwili, kama mtoto anayenyweshwa dawa na mtu anayemwamini, akalamba mpaka bati. Cha nne kilimfanya arukeruke ndani ya kikapu akijigonga. Cha tano kilimtuliza ghafla. Cha saba alikinywa taratibu, akimkodolea Kidawa macho, na Kidawa aliyatazama macho yale kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyatazama. Moyo wa mnyama ulisikika mpaka kwa wapiga tarumbeta.

Mlezi Mkuu akaingia. Vichwa vyote viliinama kuelekea viatu vyake, ambavyo vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vikawa vioo. Akaketi. Kengele ikalia.

Kidawa alisimama hatua mbili kutoka mezani. Kwa mujibu wa sheria alitazama kiatu cha kulia cha Mlezi Mkuu, na katika ncha ya kiatu kile, pakiwa padogo na pamepinda, aliona meza, kikapu, na komba amekaa wima na macho yake mawili kama taa za gari. Aliona mbavu zikipanda na kushuka. Dakika ya kwanza zilipanda haraka kuliko jicho. Dakika ya pili zikapanda mara moja. Alingojea zishuke na kupanda tena. Kiatu kilitulia, hakuna aliyekohoa, na mbavu zile hazikupanda.

Macho yalibaki wazi.

Kengele ya dakika tatu ilipolia, Mlezi Mkuu aliinua kidole, na mpiga kengele akaelewa kwamba muda umefutwa. Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Mawaziri walitazama viatu mpaka shingo zikawatetemeka. Nzi mmoja alitua kwenye jicho la kushoto la mnyama, akatembea kutoka pembe hadi pembe, akanawa mikono, akaendelea na safari. Jicho halikupepesa.

"Hata nzi hamyumbishi," alisema Mlezi Mkuu, polepole. Kisha, bila kugeuka, akauliza nani mtunzaji. Shaweji akamsukuma Kidawa mgongoni kwa kidole kimoja.

"Mimi, Mlezi."

"Huwatazama watu wote namna hii?"

Hapa ndipo mtu mwenye moyo angesema jambo. Kidawa alikuwa nao moyo, na ulikuwa ukienda kama cherehani. Alikumbuka kwamba neno moja tu, amekufa, lingemfanya kuwa aliyemwekea Kiongozi maiti mbele siku ya kuzaliwa kwake. Akalimeza, kama alivyoyameza maji ya Shaweji.

"Hapana, Mlezi," alisema. "Hajawahi kumtazama mtu hivi."

Machozi ya Mlezi Mkuu yalidondoka juu ya kiatu cha kulia, na picha iliyokuwa ndani yake ikavurugika. Mlezi Mkuu akasimama, akahutubia.

"Miaka ishirini na sita nimewatumikia, na leo ndiyo mara ya kwanza nimetazamwa. Sikutazamwa kwa woga. Sikutazamwa kwa kuombwa kitu. Huyu hakutaka cheo kwangu, wala shamba, wala msamaha. Hakuchoka kabla yangu. Wananchi, hivi ndivyo ninavyotaka kupendwa."

Makofi yalipigwa robo saa. Shaweji alipomwinua Mheshimiwa Mtazamaji ili avishwe nishani, alimkuta amekauka kama kuni. Aliangaza macho kushoto na kulia, akamvisha nishani vivyo hivyo, akatangaza kwamba ameganda kwa heshima.

*

Watu walijua? Pua zao zilijua, kufikia siku ya tatu. Lakini katika nchi ile pua si chombo rasmi. Fundi aliitwa, akamtoa mnyama matumbo, akamjaza pamba na chumvi, na Mheshimiwa Mtazamaji akarudi mezani akiwa mzito kidogo na mwenye sura ya kuridhika. Foleni ikawa ndefu mara tatu. Mzee Machano alikaa mbele yake saa nzima, bakora imelala magotini, maana haikuhitajika tena. Alipotoka alimwambia Kidawa kwamba leo ametazamwa mpaka ameona haya kuondoka.

Kamati ya Maadili ilikutana kwa dharura. Kwa mara ya kwanza tangu iundwe ilikubaliana kwa kauli moja. Profesa Msabaha alieleza kwamba swali lililowasumbua wanafalsafa, kama mnyama wa mkahawani anateseka, sasa limejibiwa kwa vitendo: huyu hachoki, hapati njaa, hajing'ati vidole, na amesamehewa kahawa. Hakuna mnyama anayetendewa vizuri kuliko yeye katika nchi nzima. Kilichobaki ni haki sawa kwa wengine, maana si maadili kumpendelea mmoja.

Amri ya Ikulu ilitoka wiki hiyohiyo. Kila mkahawa, kila kituo cha basi na kila chumba cha kungojea kiwe na macho ya namna ile, yenye uthabiti uleule, yaliyopatikana kwa utaratibu uleule uliothibitika. Fisi wa Kicheko alipelekewa mtaalamu. Tatizo lake, jinsi ya kumfanya athibitike akiwa anacheka, bado linafanyiwa utafiti, na utafiti unasikika mpaka mtaa wa nne.

Kidawa alipandishwa cheo. Ripoti ya ofisa wa usalama haikuonekana tena, na mahali pake pakawekwa barua yenye nembo ya dhahabu: Mkurugenzi wa Uthabiti wa Macho. Alipewa jengo lenye dari refu, meza ndefu ya bati, majiko sita ya kuchemshia kahawa, na Shaweji awe msaidizi wake. Shaweji alizoea upesi. Alimwita Mheshimiwa bila kusita, na mlango alimfungulia kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi masanduku yaliwasili kutoka msitu wa mwisho, ule wa mpakani. Komba sitini. Walikuwa wamelala, kwa kuwa ilikuwa mchana na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Wamejikunja wawili wawili, mkia wa huyu shingoni mwa huyu, masikio yamekunjwa. Ikulu ilitaka wa kwanza ishirini wawe tayari Ijumaa.

Shaweji aliuliza kama abandike mabirika. Mkurugenzi akasema abandike.

Akakaa peke yake na masanduku, akisikiliza maji yakianza kuimba. Kulikuwa na joto la pumzi mle ndani, na harufu ya majani. Akaingiza mkono kwenye sanduku la karibu ili ahesabu. Mmoja, mdogo kuliko wenzake, akazinduka nusu, hakufumbua macho, akakamata kidole cha Kidawa kwa vidole vyake vyote, akaendelea kulala akiwa amekishika.

Kidawa alikaa vile, ameinama, mpaka kahawa ikachemka. Kisha akaanza na huyohuyo, kabla hajamzoea.